Kapiteni mwenye waliandika jenerali: tusome tena maisha ya Steuben

Wasomi wenzangu, kuna askari mmoja Mjerumani wa karne ya 18, Friedrich Wilhelm von Steuben, mwenye maisha yake karibu kila mara yanasimuliwa kwa sentensi moja tu: kapiteni bila kazi alidanganya ku CV yake kwamba yeye ni jenerali, Wamarekani wakamwamini, akawafundishia jeshi, wakashinda Waingereza. Halafu watu wanacheka. Wengine wanaongeza fundisho: hata weye andika tu, nani atajua?

Mimi hii sentensi inanichokoza. Haiko uongo kabisa, lakini inaacha ile kitu yenyewe yenye inaweza kutusaidia kuelewa huyu mtu. Cheo kilikuwa cha uongo, ni kweli. Ujuzi ulikuwa wa kweli. Na ajabu ni hii: ile cheo kubwa ya uongo njo inafanya mpaka leo watu wasiulize huyu kapiteni alikuwa anajua nini.

Basi tuanzie mwanzo. Alizaliwa Magdeburg, mu Prusia, tarehe 17 Septemba 1730. Babake alikuwa injinia wa jeshi, na sehemu ya utoto wake ilipita Urusi, kwenye babake alikuwa anatumika. Akiwa bado kijana wa miaka 16 ao 17, aliingia mu jeshi. Wakati wa Vita ya Miaka Saba (1756–1763) aliumizwa ku Prague mu 1757, akaumizwa tena ku Kunersdorf mu 1759. Mu 1761 Warusi walimkamata. Aliporudi, akiwa kapiteni, aliwekwa karibu na mfalme Frederick II, mu kazi ya etamajori. Zaidi ya ile, mfalme alikuwa na kikundi kidogo cha maofisa vijana wenye alikuwa anawafundisha yeye mwenyewe sanaa ya vita. Steuben alikuwa kati yao.

Hapa tusimame kidogo, sababu wasimulizi wengi wanapita mbio. Kazi ya etamajori ni nini? Ni kujua kikosi gani kitapita njia gani na saa ngapi. Mkate utatoka wapi. Risasi ziko ngapi, nani alizihesabia, na ile karatasi iko wapi. Mgonjwa ni nani, mtoro ni nani, na nani anaendelea kula posho ya mtu mwenye alikufa. Haina nyimbo wala bendera. Lakini jeshi yenye haiko nayo inakufa pole pole bila hata adui kuigusa. Wakati ule, mu Ulaya, Prusia ilikuwa mbele sana mu hii kazi, na mu makoloni ya Waingereza kule Marekani karibu hakuna mtu mwenye alikuwa ameisomea. Kapiteni mmoja mwenye alipita mu darasa ya Frederick alikuwa na kitu chenye majenerali wengi wenye nguo ya dhahabu hawakukuwa nacho.

Mu 1763 vita ikaisha, jeshi ikapunguzwa, na yeye akaachishwa. Hakukuwa hata na miaka 33. Munaona hali yenyewe: kijana mwenye masomo mazuri sana, mwenye hajui kazi ingine, na mlango umefungwa.

Miaka yenye ilifuata haipendezi kusimulia. Alipata nafasi ku nyumba ya mwana-mfalme wa Hohenzollern-Hechingen, ka nchi kadogo ka kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mkubwa wa nyumba: kupanga karamu, kupokea wageni, kuangalia nani anakaa karibu na nani. Mwana-mfalme mwenyewe alikuwa amezama mu madeni. Walienda mpaka Ufaransa kutafuta mkopo, wakarudi mikono mitupu. Kitu kimoja tu Steuben alipata mu ile miaka: nishani ya Baden, mu 1769, na kutoka hapo jina la baron likamfuata. Kuhusu lile « von », ni babu yake njo aliliongeza ku jina la familia bila haki ya wazi. Kumbe kuongeza kitu ku jina haikuanza Paris. Ilikuwa mazoea ya nyumbani.

Mu 1777 alikuwa anatafuta kazi fasi yote. Alifika Paris, akaonana na Benjamin Franklin na Silas Deane, wajumbe wa Marekani. Hawa wakamwambia kwa uwazi: hatuwezi kukuahidi cheo, hatuwezi kukuahidi makuta. Alikataa, akarudi Ujerumani. Sasa, kule Ujerumani, ikatokea shutuma kwamba alikuwa na mwenendo mubaya na vijana wadogo. Hakuna mahakama yenye iliwahi kusikiliza ile neno, na hakuna ushahidi wenye ulitufikia wa kulithibitisha ao kulivunja. Waandishi wengine wanaliruka, wengine wanalichanganya na swali ingine, la kama alipenda wanaume, na mimi naona kuchanganya vile si haki kwa mtu yeyote. Kwa maisha yake matokeo yako wazi: tumaini la kazi Ujerumani likafa. Mu Agosti alikuwa tena Paris, na hii mara hakukataa.

Na hapo njo barua ikaandikwa. Mu Septemba 1777 Franklin alimwandikia George Washington kwamba huyu bwana alikuwa luteni-jenerali mu utumishi wa mfalme wa Prusia. Kati ya kapiteni na luteni-jenerali kuko ngazi nyingi, munajua. Kuna wenye wanajaribu kutetea: eti ni tafsiri ilipotea njia, cheo cha msaidizi mu etamajori kikageuka luteni-jenerali kwa Kiingereza. Inawezekana mwanzo ulikuwa hivyo. Lakini Steuben hakusahihisha, si ile siku, si miaka iliyofuata. Kwa hiyo tuseme tu: alikubali uongo na akaishi ndani yake.

Lakini swali langu ni kwa wenye waliandika barua. Franklin hakukuwa mjinga. Waziri wa vita wa Ufaransa, Saint-Germain, njo alimpeleka Steuben kwao, na yeye alikuwa mtu wa jeshi mwenye alijua thamani ya masomo ya Prusia. Wote walielewa kwamba huyu kapiteni atafaa. Kwa nini basi wasiandike: tunawatumia kapiteni mwenye alifundishwa na Frederick mwenyewe kupanga jeshi? Sababu walijua wasomaji wao. Kongresi ilikuwa imezoea kusoma vyeo. Mwaka ule ule wa 1777 Mfaransa mmoja, Tronson du Coudray, alifika na karatasi yenye inamwahidi ujenerali na ukubwa wa mizinga yote. Majenerali watatu wa Washington, Greene, Sullivan na Knox, wakatisha kuacha kazi. Du Coudray akafa maji mu mto Schuylkill mu Septemba, na shida ikaisha vile. Kongresi ilikuwa imechoka na wageni wenye kudai. Kwa hiyo Paris walitengeneza mtu wa kuwafaa: cheo kikubwa sana, na hadai kitu. Uongo wa Steuben ulipimwa ku mwili wa mwenye kuajiri, sawa vile fundi anapima nguo. Wenye kucheka kapiteni wacheke na Kongresi pia.

Makuta ya safari ilitoka kwa Beaumarchais, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza, mwenye alikuwa anatuma bunduki Marekani kwa siri. Steuben alipanda meli Marseille mwisho wa Septemba, akashuka Portsmouth, New Hampshire, tarehe 1 Desemba, pamoja na mbwa wake Azor na sekretere wa miaka 17, Pierre-Étienne Du Ponceau. Mu Februari 1778 akapita mbele ya Kongresi kule York, akasema atatumika bila mshahara, walipe tu gharama. Vita ikifaulu tutahesabiana. Wakafurahi sana. Tarehe 23 Februari alikuwa Valley Forge.

Valley Forge hatutaichora sana, imechorwa ya kutosha. Watu karibu 12.000 waliingia mu ile kambi mu Desemba, na karibu 2.000 walikufa, wengi kwa magonjwa, bila kupigwa risasi. Kila rejimenti ilikuwa na namna yake ya kutembea na ya kushika bunduki, kufuatana na kitabu chenye mkubwa wake alisoma, kama alisoma. Steuben alichukua karibu watu 100, akaanza kuwafundisha mu Machi, yeye mwenyewe na bunduki ku mkono. Hiyo iliwashangaza maofisa, sababu mu desturi ya Waingereza kufundisha basoda ni kazi ya sajini. Kiingereza hakujua. Alikuwa anatukana kwa Kijerumani na Kifaransa mpaka kapiteni mmoja, Benjamin Walker, akatoka mu mstari akajitolea kutafsiri. Wale 100 wakafundisha wengine, na wale wengine wakafundisha wengine. Mu wiki chache jeshi yote ilikuwa inatembea kwa hatua moja.

Watu wanapenda matusi. Mimi napenda kitu kingine. Aliandikia rafiki yake wa Ulaya akamweleza kwamba kule kwenu unaamuru askari na anafanya, lakini huku inaomba kwanza kumweleza sababu, njo anafanya. Kwa ofisa wa Prusia hii ni maneno makubwa. Frederick alitaka askari aogope mkubwa wake kuliko adui. Steuben, mwenye alikomaa mu ile shule, alihitaji wiki chache tu kuona kwamba hapa ile haitaenda, akakata, akapunguza, akarahisisha. Mtu mwenye alikariri tu angeleta Prusia nzima mu mifuko yake. Yeye alileta yenye inahitajika. Ile njo alama ya mtu mwenye alisoma akaelewa, na hakuna cheo ku barua chenye kingeweza kumpa ile.

Sasa kitabu. Mu baridi ya 1778–1779, kule Philadelphia, aliandika kanuni za jeshi, zenye kichwa « Regulations for the Order and Discipline of the Troops of the United States ». Kongresi ikakubali tarehe 29 Machi 1779. Kwa sababu ya rangi ya ganda lake watu wanakiita Kitabu cha Buluu. Jeshi ya Marekani ilikitumia zaidi ya miaka 30. Namna kiliandikwa inapaswa kutugusa sisi wote wenye tunafikiri mu lugha moja na kuandika memware mu lugha ingine. Steuben alikuwa anafikiri kwa Kijerumani na kuandika mu Kifaransa chenye hakikuwa safi. Ofisa Mfaransa, Fleury, akakinyoosha Kifaransa. Du Ponceau akatafsiri kwa Kiingereza. Walker akasahihisha Kiingereza kifanane na cha kambi. Na Pierre L'Enfant, yule mwenye baadaye alichora mpango wa mji wa Washington, akachora picha. Mikono mitano, lugha tatu. Ku ganda kunasoma jina moja.

Nimeona watu wakiita hiki kitabu « cha mazoezi ya gwaride ». Ni kweli mwanzo wake ni hatua: futi mbili kila hatua, hatua 75 kwa dakika ukitembea kawaida, 120 ukiharakisha. Unaweza kulala usingizi pale, siwafichi. Lakini endelea. Kinafika ku kambi: hema zipangwe namna gani, vyoo vikae wapi mbali na jikoni, nani anaangalia usafi. Mu jeshi yenye ilizika watu wengi vile juu ya uchafu na homa, ile kurasa ya vyoo iliokoa watu kuliko mizinga. Kinafika ku karatasi: ripoti, orodha, hesabu ya bunduki. Na mwishoni kuna sehemu yenye inasema na kila cheo kivyake, kutoka mkubwa wa rejimenti mpaka askari wa kawaida. Hapo unasikia sauti ya mtu. Anamwambia kapiteni kwamba lengo lake la kwanza ni kupata upendo wa watu wake: awajue kwa majina, asikilize malalamiko yao, awatembelee wakiwa wagonjwa. Kumbuka nani anaandika. Huyu alikuwa kapiteni, alijua kapiteni anaweza nini na anashindwa nini. Luteni-jenerali wa kweli, na watumishi na farasi zake, angeandika ile ukurasa? Mimi nina shaka.

Pale kitabu kinanichosha ni pale kinanyamaza. Kinamfundisha mkubwa kuwa na huruma, lakini hakiulizi kwa nini mwaka ule nguo na mikate hazikufika, na nani mu Kongresi alilala. Kanuni ya usafi ku mtu mwenye hana viatu ina mpaka. Steuben alijua, barua zake zimejaa malalamiko juu ya nguo zenye kupasuka. Kitabu chenyewe kiliandikwa kupata kibali cha Kongresi, basi kimekaa kimya.

Sasa tuje ku sifa zenye zinazidi. Wanasema eti Steuben njo alishinda vita. Hapana. Ku Monmouth, tarehe 28 Juni 1778, askari waliofundishwa walirudi nyuma bila kutawanyika, wakajipanga tena chini ya mizinga, na ile ni kitu kikubwa, lakini pigano halikuwa na mshindi wa wazi. Ku Stony Point, mu Julai 1779, waliingia mu ngome usiku kwa singe, na karibu wote bunduki zao zilikuwa bila risasi. Pale unaona mazoezi yake wazi kabisa. Lakini yeye mwenyewe, wakimpa jeshi ya kuongoza, hakuwa mtu wa ajabu. Mu Juni 1781 alikuwa analinda stoki ya vitu vya jeshi ku Point of Fork, mu Virginia. Mwingereza Simcoe alifika na kikosi kidogo, akakitandaza, akawasha mioto mingi usiku, Steuben akaamini jeshi kubwa imefika. Akaondoka gizani, akaacha sehemu kubwa ya vitu. Watu wa Virginia walikasirika mpaka wakataka uchunguzi. Mwenye aliingia Marekani kwa cheo chenye hakikuwa chake alidanganywa na jeshi yenye haikukuwa pale. Mu Oktoba ya mwaka ule, ku Yorktown, aliongoza divisheni, na watu wake njo walikuwa ku zamu mu mahandaki siku Waingereza waliomba kusalimu.

Kuhusu wenye waliandika maisha yake, neno fupi. Friedrich Kapp, mu 1859, alikuwa Mjerumani mkimbizi mu Marekani, na alitaka Wamarekani wajue deni yao kwa Wajerumani; kitabu chake kinajenga mnara. John McAuley Palmer, mwenyewe jenerali wa Marekani, alitoa kitabu mu 1937, akaonyesha waziwazi kwamba cheo ku barua ya Paris hakikuwa cha kweli, na bado akampenda mtu wake. Paul Lockhart, mu 2008 na « The Drillmaster of Valley Forge », njo anasaidia zaidi, kwa maoni yangu, sababu anamwangalia kwanza kama ofisa wa Ulaya mwenye masomo, kabla ya kumfanya shujaa. Mwenye ana nafasi ya kusoma kimoja tu, achukue hicho.

Inabaki mwisho wake, na hapa sentensi moja ya wasimulizi inavunjika kabisa, sababu wao wanamwacha mu ushindi. Barua ya mwisho yenye Washington aliandika kama mkubwa wa jeshi, mu Desemba 1783, ilikuwa ya kumshukuru Steuben. Shukrani haikulipa madeni. Kumbuka alijitolea bila mshahara, sababu luteni-jenerali tajiri wa Ulaya anaweza kufanya vile. Sasa vita ilifaulu, akaenda kudai, na Kongresi ikamuuliza: mkataba uko wapi? Watu wa 1778 walisema ndiyo walimwahidi, wengine wakasema hatukumbuki. Ile kesi ilivuta miaka. Alikuwa amekwama mu mtu mwenye walimtengenezea Paris: mtu mwenye hana shida ya makuta. Hakuweza kusema nilikuwa kapiteni bila kazi, nilikuwa na njaa, nilipeni. New York ilimpa eka 16.000 za msitu mu 1786. Mu 1790, Alexander Hamilton akiwa mkubwa wa hazina na akimsemea, Kongresi ikakubali dola 2.500 kila mwaka. Yeye alitaka zaidi, na sehemu kubwa ilienda moja kwa moja kwa wenye alikuwa anadaiwa.

Alikufa tarehe 28 Novemba 1794 mu nyumba ya miti, ku shamba lake mu New York. Hakuoa, hakuzaa. Mali yake aliachia maofisa wawili vijana wenye alikuwa anawaita wanawe, William North na Benjamin Walker, yule yule mwenye alitoka mu mstari kutafsiri matusi. Na kwa sekretere wake wa mwisho, kijana John Mulligan, aliacha vitabu vyake na ramani zake.